Ngoma Ivumayo na Ngoma Idumuyo

Wahenga walinena kwamba ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Methali hii hutumiwa kumwonya mtu aliyepata sifa nyingi kwa muda mfupi. Lakini methali ni mfano wa mizani: hatujui kama yapima sawasawa mpaka tutie kitu ndani yake. Katika insha hii, msomaji mpendwa, tutaipima kwa bendi chache za muziki wa roki wa Marekani zilizovuma katika miaka ya 1990. Tutauliza maswali mawili. La kwanza, ni bendi gani iliyopendwa na watu wengi zaidi? La pili, ni bendi gani iliyoacha urithi mkubwa zaidi? Watu wengi hudhani kuwa maswali haya ni mamoja. Utaona kuwa ni mawili, na kwamba asiyeyatenga hupotea katika hukumu ya muziki, na aghalabu hupotea vile vile katika hukumu ya vitabu, ya viongozi na ya jirani zake.

Yafaa kwanza tukumbushane asili ya jambo lenyewe. Roki ni muziki wa magitaa ya umeme na ngoma za kishindo. Mizizi yake ni nyimbo za huzuni za Wamarekani weusi, zilizochanganyika na nyimbo za wakulima weupe wa kusini mwa nchi ile. Mwishoni mwa miaka ya 1980 waliosifika zaidi katika roki walikuwa watu wa mavazi ya kumeta na nywele zilizotimuliwa, na wengi wao walitoka Los Angeles. Mbali nao, kaskazini-magharibi, katika jimbo la Washington, walikuwako vijana waliopiga magitaa kwa sauti nzito ya kukwaruza, nao walivaa mashati ya kazi kama wakata miti. Mji wao mkubwa ulikuwa Seattle, na muziki wao uliitwa granji. Tarehe 27 Agosti 1991 bendi ya Pearl Jam ilitoa albamu yake ya kwanza, Ten. Tarehe 24 Septemba mwaka ule ule bendi ya Nirvana, iliyoanzia katika mji mdogo wa Aberdeen, ilitoa albamu yake ya pili, Nevermind. Miezi sita haikupita kabla pembe ile ya nchi haijawa kitovu cha muziki wa Marekani nzima.

Sasa tuje kwenye hesabu. Msomaji wa historia hapokei hesabu kabla ya kuuliza ni nani aliyehesabu, na alihesabuje. Wakati ule gazeti la Billboard lilipanga albamu kila wiki kwa kadiri zilivyouzwa. Zamani liliwauliza wenye maduka, nao wakajibu kwa makadirio. Muuzaji aliweza kuitaja aipendayo na kuisahau aidharauye. Kuanzia toleo la tarehe 25 Mei 1991 gazeti hilo lilitumia hesabu za SoundScan, zilizotoka katika mashine za malipo madukani. Basi katika orodha ya tarehe 11 Januari 1992, Nevermind iliposhika nafasi ya kwanza na kuiondoa Dangerous ya Michael Jackson, hesabu iliyoonyesha ushindi huo ilikuwa ya kuaminika kuliko zile za kale. Hatusemi kuwa mashine ndiyo iliyowapa ushindi. Twasema kuwa ushahidi wake ni bora kuliko uvumi.

Hata hivyo, hesabu nzuri nazo zataka akili. Bendi ya Smashing Pumpkins ya Chicago ilitoa mwaka 1995 albamu iitwayo Mellon Collie and the Infinite Sadness, yenye diski mbili. Chama cha makampuni ya santuri cha Marekani kilihesabu kila diski peke yake. Kwa hiyo, mwaka 2012 albamu hiyo ilipopewa cheti cha almasi, ambacho hutolewa kwa nakala 10,000,000, watu walioinunua hawakuwa 10,000,000. Seti zilikuwa nusu ya idadi hiyo. Cheti hakikusema uongo, ila msomaji asiyejua kanuni yake angejidanganya mwenyewe. Jifunze hapa, ewe mwanafunzi, kwamba tarakimu haisemi neno mpaka iulizwe.

Tukienda kwa mauzo peke yake, mshindi wetu hatoki Seattle. Ni bendi ya Hootie & the Blowfish, iliyoanzishwa mwaka 1986 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha South Carolina. Albamu yao, Cracked Rear View, ilitoka Julai 1994, na mwaka 1995 ikawa albamu iliyouzwa kuliko zote Marekani. Chama kile kile cha santuri kimeithibitisha kwa nakala 21,000,000. Ten ya Pearl Jam imethibitishwa kwa nakala 13,000,000, na Nevermind ilipata cheti chake cha almasi mwaka 1999. Hootie walikuwa na sauti ya upole, nyimbo rahisi kuimbwa na jamaa nzima ndani ya gari. Mwaka 1996 walipewa tuzo mbili za Grammy. Mwaka huo huo walitoa albamu nyingine, ikauzwa sehemu ndogo tu ya mauzo ya ile ya kwanza. Redio zilizowapiga mchana kutwa zikawachoka, na jina lao likawa kitu cha mzaha. Hapa methali yetu yaonekana kuwa kweli tupu: ngoma ilivuma, ikapasuka.

Lakini usifunge kitabu mapema. Mwimbaji wa Hootie, Darius Rucker, ni Mmarekani mweusi. Baadaye aliingia katika muziki wa kantri, ambao kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa mali ya wazungu. Mwaka 2008 wimbo wake ulifika nafasi ya kwanza katika orodha ya kantri, jambo ambalo mwimbaji mweusi hakuwa amelipata tangu Charley Pride mwaka 1983. Mwaka 2012 akapokewa katika Grand Ole Opry, baraza kongwe la muziki huo mjini Nashville. Urithi wa Hootie basi haukukaa katika zile nakala 21,000,000. Uliingia kwa mlango mwingine, miaka kumi na zaidi baada ya makelele kunyamaza, nao ni mlango ambao wengine weusi wameukuta wazi zaidi kuliko alivyoukuta yeye.

Tuwatazame sasa Nirvana. Hawa waliuza kidogo kuliko Hootie katika nchi yao, lakini waligeuza mwendo wa muziki wenyewe. Baada ya Nevermind makampuni makubwa yalikimbilia kutafuta bendi zilizodharauliwa jana, na vijana wengi wasio na fedha wala mafunzo walithubutu kushika gitaa. Kuna usiku mmoja unaoeleza urithi huo kuliko hesabu yoyote. Tarehe 18 Novemba 1993, mjini New York, Nirvana walirekodi onyesho kwa ajili ya televisheni ya MTV. Walikuwa katika kilele cha sifa, nao wangeweza kupiga nyimbo zao mashuhuri tu. Waliimba nyimbo 14, na katika hizo 6 zilikuwa za watu wengine. Tatu zilikuwa za Meat Puppets, bendi isiyojulikana sana, na wanabendi wawili wakaitwa jukwaani wapige pamoja nao. Wimbo wa mwisho ulikuwa mmoja wa nyimbo za kale alizoziimba Lead Belly, mwimbaji mweusi wa Louisiana aliyefariki mwaka 1949. Kiongozi wao, Kurt Cobain, hakuficha pia kwamba alijifunza mengi kwa bendi ya Pixies ya Boston, ambayo haikupata hata sehemu ndogo ya utajiri wake. Mwenye taa kubwa aliwamulikia wenzake.

Pearl Jam walishika njia nyingine. Oktoba 1993 albamu yao Vs. iliuzwa nakala karibu 950,000 katika siku tano za kwanza, nayo ikavunja rekodi ya wakati huo. Kampuni yoyote ingetaka watumie upepo ule kujiuza zaidi. Wao waliacha kutengeneza filamu za nyimbo kwa miaka kadhaa. Kisha walitaka tiketi zao ziuzwe dola 18, na ada ya muuzaji isizidi dola 1.80. Kampuni ya Ticketmaster ilipokataa, bendi ilipeleka malalamiko katika Wizara ya Sheria ya Marekani mwezi Mei 1994, na Juni wanabendi wawili walitoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge. Walishindwa. Wizara ilifunga uchunguzi wake Julai 1995, na jitihada ya kuzunguka nchi bila kampuni ile iliwatia hasara na uchovu. Lakini swali walilouliza halikufa. Mei 2024, miaka thelathini kamili baadaye, Wizara ile ile pamoja na majimbo mengi ilifungua mashtaka dhidi ya Ticketmaster na kampuni mama yake, Live Nation, kwa madai ya kuhodhi biashara ya tiketi. Mtu anaweza kushindwa katika siku yake na bado akawa amepanda mbegu.

Tena yapo makundi ambayo hayamo kabisa katika orodha za mauzo. Mwaka 1990, mjini Olympia katika jimbo lile lile la Washington, ilianzishwa bendi ya Bikini Kill. Wanawake walikuwa wachache katika roki, na katika maonyesho wasichana walisukumwa nyuma na kuumizwa. Mwimbaji wa bendi, Kathleen Hanna, aliwaita wasichana waje mbele, karibu na jukwaa, na wavulana warudi nyuma. Bendi ilitoa santuri zake kwa kampuni ndogo, pamoja na vijitabu vilivyochapwa kwa mkono, ikavunjika mwaka 1997. Leo karatasi za harakati ile zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha New York, na wanachuo huzisoma kama hati nyingine za historia. Tena ni Hanna aliyeandika ukutani kwa Cobain maneno ya utani yaliyokuja kuwa jina la wimbo uliowapa Nirvana umaarufu wa dunia. Hivyo ndivyo kisichouzwa sana kinavyoweza kuwa ndani ya kilichouzwa.

Kuna jambo moja zito ambalo haifai kulipita kimya. Cobain alijiua mwezi Aprili 1994, akiwa na umri wa miaka 27, baada ya maradhi na mateso ya dawa za kulevya. Aliacha mke na binti asiyetimiza miaka miwili. Tangu hapo wako watu wanaosema kwamba kifo hicho ndicho kilichomfanya mkubwa. Wasadiki msomaji? Zitazame tarehe. Nevermind ilitoka mwaka 1991, ikaongoza mwaka 1992, na onyesho la New York likafanywa mwaka 1993. Kila jambo alilowaachia watu alilitenda akiwa hai. Kifo kiliongeza masikitiko na udadisi, nacho kilikatiza kazi ambayo haitajulikana kamwe. Pearl Jam, waliokuwa rika lake na majirani zake, waliishi, wakaendelea kupiga muziki, na mwaka 2017 wakaingizwa katika jumba la heshima la roki huko Cleveland, kama Nirvana walivyoingizwa mwaka 2014. Mpiga ngoma wa Nirvana, Dave Grohl, alianzisha bendi ya Foo Fighters, na mwaka 2021 nayo ikaingizwa. Heshima haikudai kaburi. Kijana aliyelemewa na huzuni asidanganywe na hadithi kama hizo. Na amwendee mzazi, mwalimu au rafiki aseme nae.

Basi tuirudie mizani yetu. Umaarufu huhesabiwa: nakala ngapi, wiki ngapi, fedha kiasi gani. Ni jambo la kweli, wala si aibu. Watu hawakununua albamu ya Hootie kwa kulazimishwa, na furaha waliyoipata ilikuwa halali yao. Urithi hauhesabiwi kwa namna hiyo. Huujua kwa kuuliza: ni nani aliyekiokota kitu hiki akafanyia kazi nyingine? Ni mlango gani uliofunguka? Ni swali gani lililobaki hai baada ya muulizaji kushindwa? Kwa maswali hayo Nirvana wamesimama mbele katika muziki wenyewe, Pearl Jam katika haki ya msikilizaji, Bikini Kill katika nafasi ya wanawake, na Rucker katika kuvuka mpaka wa rangi. Kila mmoja aliacha kitu cha kuendelezwa, na hakuna aliyekiacha kwa sababu ya idadi ya nakala zake.

Methali ya wahenga, kwa hiyo, ni kweli kwa nusu. Ngoma ivumayo yaweza kupasuka, na yaweza kudumu. Uvumi wake hauamui. Huamuliwa na mikono inayoipokea. Wewe nawe utaishi katika zama za hesabu nyingi kuliko zetu, ambamo kila wimbo na kila neno hubandikwa idadi ya waliolitazama. Utakapoionyeshwa idadi hiyo, uliza kwanza ni nani aliyehesabu. Kisha ngoja kidogo, utazame ni nani aliyeokota kitu hicho, na amekifanyia nini.