Koki ya Jikoni Inatoa Maji Kidogo: Tulifikaje Hapa

Mwezi uliopita mama lishe mmoja wa Mikumi, pale karibu na barabara kuu, aliniomba nimsaidie kuchagua pampu. Koki ya jikoni kwake ilitoa maji membamba kama uzi. Ndoo ya lita 20 ilichukua robo saa, na dereva wa lori hasubiri chai robo saa. Pampu ingemaliza mtaji wote wa mchele. Nikamwambia, dada, tuangalie koki kwanza.

Koki ya kuzungusha ilipewa hataza mwaka 1845 huko Rotherham, Uingereza. Ndani yake leo kuna kipande cha mpira. Ukichakaa na kukatika, kipande chake hukaa njiani na kuzuia maji. Bomba la chuma lililopakwa zinki nalo ni la zama hizo. Sorel alipata hataza yake Ufaransa mwaka 1837. Zinki ikiisha, kutu hujijenga ndani kama ukoko wa sufuria, na bomba la nusu inchi hubaki na tundu la penseli. Kile kichujio kidogo kwenye mdomo wa koki kilikuja baadaye sana, miaka ya 1940, kazi ya Elie Aghnides huko Marekani. Huchanganya hewa na maji yasiruke ovyo. Kilifikiriwa kwa miji yenye maji masafi, si kwa maji yenye mchanga.

Kwetu historia ilikwenda njia nyingine. Mwaka 1971 Serikali ilianza mpango wa miaka 20: kufikia 1991 kila mwanakijiji apate maji ndani ya mita 400 kutoka nyumbani. Haikuwezekana kote, ila lengo lile ndilo lililochora mabomba yetu. Sera ya Maji ya 2002 iliendelea na mita 400 hizo: kituo kimoja kwa watu 250, lita 25 kwa mtu kwa siku. Piga hesabu, ni lita 6,250 kwa kituo. Hapo hakuna sinki la jikoni. Sasa kila mwenye nyumba akivuta maji ndani kutoka bomba lililopimwa kwa ajili ya ndoo za kituoni, msukumo lazima ushuke, hasa asubuhi. Kijiji hakijaibiwa maji na mtu.

Kilosa tuna jambo letu la ziada, tope. Mkondoa ulipofurika Desemba 2009 na Januari 2010, hata reli ilikatika na watu wakalala kwenye mahema. Mafuriko hata madogo yakipasua bomba, mchanga huingia, na fundi akishaziba husafiri mpaka kwenye koki yako.

Kwa hiyo anza kwa jirani. Kama na kwake maji ni kidogo, shida ipo kwenye mtandao. Toa taarifa kwenye chombo chenu cha watumia maji. Kama ni wewe tu, fungua koki ya nje. Yakitoka vizuri huko, tatizo ni jikoni. Fungulia kichujio kwa mkono au kwa koleo uliyoizungushia kitambaa, kiloweke kwenye siki au maji ya ndimu usiku kucha, kisugue kwa mswaki wa zamani. Kabla ya kukirudisha, fungua maji yatoke na mchanga. Bado? Funga maji kwenye mita, fungua koki, tazama mpira.

Wenye simtanki: mita 10 za kimo hutoa bar 1 tu ya msukumo. Tangi la mita 3 halitarusha maji hata ukisafisha vipi. Na pampu usiiunge moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Humnyang'anya jirani, tena hunyonya uchafu palipopasuka.

Kwa yule dada tulikuta mchanga na kipande cha mpira. Ndoo sasa inajaa kwa dakika 3, na mchele ulinunuliwa. Koki ya bafuni bado inasuasua. Bomba la huko ni la chuma, la zamani kweli, na tumekubaliana atalibadilisha kipande kwa kipande, akianza na cha ukutani.