Ukuta wa megabaiti 32

Watu wakizungumzia historia ya kompyuta hupenda habari za mashujaa: kijana fulani, gereji fulani, mabilioni. Mimi navutiwa zaidi na historia ya visanduku. Mtu anachora fomu, anaacha nafasi ya tarakimu mbili kwa namba ya nyumba, anaenda zake. Mtaa ukifika nyumba ya 100, nyumba ipo, ina mlango na watu ndani, lakini kwenye fomu haiandikiki. Hivyo ndivyo diski zilivyogonga ukuta, tena si mara moja.

Mwaka 1983 IBM walitoa kompyuta yao ya PC XT ikiwa na diski ngumu ya megabaiti 10. Enzi hizo hiyo ilikuwa ghala. Mfumo endeshi wa DOS ulihesabu sekta za diski kwa namba ya biti 16, maana yake mwisho ni sekta 65,536. Kila sekta ni baiti 512. Zidisha mwenyewe: 33,554,432, yaani megabaiti 32 basi. Aliyenunua diski ya megabaiti 40 hakuweza kuitumia kama kitu kimoja. DOS 3.3 ya mwaka 1987 ikaruhusu kuikata vipande, C na D na kuendelea, kama chumba kilichopigwa pazia katikati. Mwishoni mwa mwaka huohuo Compaq wakatoa DOS 3.31 yao, ambayo ilipanua kisanduku. Microsoft na IBM wakafuata na DOS 4.0 mwaka 1988.

Lakini ukuta ninaoupenda (kama ukuta unapendeka) ni ule wa megabaiti 504, uliowasumbua watu miaka ya tisini. Huu haukujengwa na mtu mmoja. BIOS, ile programu ya ndani inayoiamsha kompyuta, ilitaja mahali kwenye diski kwa namba tatu: silinda biti 10, vichwa biti 8, sekta biti 6. Upande wa pili, waliotengeneza viungio vya diski za IDE nao walikuwa na namba zao tatu: silinda biti 16, vichwa biti 4, sekta biti 8. Kwa hesabu ya BIOS peke yake ungefika gigabaiti 8 na ushee. Kwa hesabu ya IDE peke yake, zaidi ya gigabaiti 100. Ila pande hizo mbili zilipolazimika kuongea, kila namba ilibidi itoshee kwenye kisanduku kidogo zaidi cha wawili hao. Silinda 1,024, vichwa 16, sekta 63. Sekta ni 63, si 64, kwa sababu zilianza kuhesabiwa kutoka 1 badala ya 0. Jumla ikawa baiti 528,482,304. Wataalamu wa pande zote mbili walikuwa wakarimu, kila mmoja kwa mahali pake, na ukarimu wao ulipokutana ukazaa ubahili.

Kuta nyingine nazipita haraka. FAT16 kwenye DOS na Windows 95 ya mwanzo iliishia gigabaiti 2, na kufika huko ilibidi diski igawe nafasi kwa mafungu ya baiti 32,768. Shairi lako la beti tatu, baiti 600 hivi, lilikalia fungu zima. FAT32 ikaja mwaka 1996 kupunguza hasara hiyo.

Kisha ukaja ukuta wa gigabaiti 137, na huu haukuwa wa kuchekesha. Anwani za biti 28 zilipojaa, mfumo usioelewa anwani ndefu ungeweza kuzunguka na kurudi mwanzo wa diski, ukaandika mapya juu ya yaliyokuwepo. Hakuna kengele iliyolia. Windows XP ilipata tiba mwaka 2002 kwa Service Pack 1. Hapo ndipo naona uzito wa jambo lenyewe: kisanduku kidogo huwa hakikukatalii kila mara, mara nyingine kinakupokea na kukufutia.

Kisa kimoja kinanikalia kichwani. Dave Plummer, aliyekuwa mhandisi wa Microsoft, alisimulia mwaka 2024 kwamba dirisha la kufomati diski kwenye Windows alilitengeneza Alhamisi moja asubuhi, mwishoni mwa 1994. Aliandika kwenye karatasi machaguo yote, akayapanga wima, akijua ni la muda tu hadi lije zuri zaidi. Asubuhi hiyohiyo akaamua ni upotevu kiasi gani wa nafasi unavumilika, na uamuzi huo ukazaa kikomo cha gigabaiti 32 kwa kufomati FAT. FAT32 yenyewe inaweza kubeba zaidi ya hapo. Lile dirisha zuri halikuja.

Agosti 2024 Microsoft walitangaza toleo la majaribio la Windows 11 linaloruhusu kufomati FAT32 hadi terabaiti 2, ila kwa kuandika amri. Dirisha la Alhamisi lilibaki na gigabaiti zake 32. Na faili moja kwenye FAT32 bado haliwezi kufika gigabaiti 4, kwa hiyo mahojiano marefu ya video hukataa kuingia kwenye flashi iliyo nusu tupu, na mimi huyakata vipande, C na D na kuendelea.