Umio

Mama mmoja jirani yangu hapa Kayole alikaa miezi minne akilalamika kuwa chakula kinamkwama kooni. Ulianza ugali, ukafuata wali, mwishowe hata uji ukawa hauteremki bila kusukumwa na maji. Kila aliposema "koo" alipewa dawa ya koo: vidonge vya kumung'unya, dawa ya kikohozi. Hakuna aliyemdanganya. Neno ndilo lililowapoteza.

Koo tumelibebesha mengi: sauti, kiu, mafua. Lakini njia ya chakula ina jina lake, umio: mrija wa misuli wa kama sentimita 25, unaopita nyuma ya bomba la hewa hadi kwenye mfuko wa tumbo. Watoto wetu hulikariri darasani, kisha wakifika nyumbani hawalisikii tena, na hilo linanisikitisha.

Saratani ya umio ni kati ya zile zinazoua Wakenya wengi. Hospitali ya Tenwek, Bomet, imepambana nayo miaka mingi. Uvimbe ukigunduliwa mapema, daktari mpasuaji hukiondoa kipande cha umio kilichoathirika, akauvuta mfuko wa tumbo juu hadi kifuani na kuuunga na kilichobaki. Ukichelewa kugunduliwa, mara nyingi mgonjwa huwekewa kijibomba cha wavu wa chuma ili angalau uji upite.

Daktari wa pili hakumwuliza jirani yangu habari za koo. Aliweka kidole katikati ya kifua chake mwenyewe, akauliza, "Mama, kinakwama hapa?"

"Hapo hapo, daktari."