Baiskeli na Matuta ya Mto: Njia Zisizo na Magari katika Tambarare za Ziwa Viktoria

Tambarare ya Kano, iliyo mashariki mwa mji wa Kisumu, ni sakafu ya mkono wa Bonde la Ufa unaoelekea magharibi hadi Ghuba ya Winam, na kwa karne nyingi mito imekuwa ikiijaza udongo unaotoka katika vilima vya Nandi na Tinderet. Kaskazini imepakana na mwinuko wa Nyando, kusini na uwanda ulioinuka wa Nyabondo, na katikati ardhi imelala sawa kiasi kwamba Mto Nyando, ukishuka kwa kasi kutoka nyanda za juu, hupoteza nguvu ghafla, huangusha mchanga na tope uliobeba, kisha humwagika nje ya kingo zake. Hali kama hiyo ipo kaskazini-magharibi, katika Bunyala na kinamasi cha Yala, ambako mito ya Nzoia na Yala huingia ziwani. Uwanda wa mafuriko, yaani ardhi ambayo mto huitwaa kila unapofurika na kuiachia maji yanapopungua, una sifa mbili zinazokinzana kwa mwendesha baiskeli: hauna mlima wa kumchosha, lakini hauna njia ya kutumainiwa mwaka mzima. Ndiyo sababu historia ya baiskeli katika mwambao huu ni historia ya kutafuta mahali pakavu pa kupitisha gurudumu, na mahali hapo, karibu kila mara, palikuwa pamejengwa kwa kusudi jingine kabisa.

Mahali pa kwanza palikuwa kando ya reli. Reli ya Uganda ilifika ufukweni Desemba 1901, mahali palipopewa jina la Port Florence kabla ya jina la Kisumu kurudi na kudumu, na kutoka Muhoroni njia hiyo ililazimika kukatiza Kano juu ya udongo ulioinuliwa ili mafuriko yasiizoe. Baiskeli zilikuja baadaye, nazo hazikuja kwa watu wote kwa wakati mmoja. Wa kwanza kuzimiliki miongoni mwa Waafrika walikuwa wale waliopata mshahara au cheo kutokana na utawala mpya: machifu, makarani, makatekista na walimu waliosoma katika shule za misheni kama Maseno, iliyoanzishwa mwaka 1906. Waliwafuata wafanyakazi wa reli, wa bandari ya Mombasa na wa mashamba ya chai ya Kericho, ambao waliweka akiba kwa miezi mingi na kurudi nyumbani na ndiga, kama baiskeli inavyoitwa kwa Kijaluo, chombo kilichohesabiwa kuwa mali ya kujivunia na pia kitega uchumi.

Baiskeli iliyoshinda katika mazingira hayo haikuwa ile nyepesi ya mashindano. Ilikuwa baiskeli nzito ya chuma, yenye magurudumu makubwa ya inchi 28, gia moja, breki za vyuma vinavyovutwa kutoka kwenye usukani na keria pana nyuma ya tandiko; kwanza ya Kiingereza kutoka viwanda vya Raleigh na wenzake, baadaye ya Kihindi na ya Kichina, kama vile Hero na Phoenix, na Wakenya wakaipa jina la blakmamba kwa rangi yake nyeusi. Mtu wa milimani angeiona kuwa adhabu, lakini katika tambarare uzito si kikwazo kikubwa, kwa sababu baiskeli ikishaanza kwenda, mwendo wake hujisaidia wenyewe. Adui wake alikuwa udongo. Sehemu kubwa ya Kano ina udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao wakati wa kiangazi hukauka na kuwa mgumu kiasi cha kufanana na lami, ila mvua mbili tatu zikinyesha huvimba, hunata na kujaza nafasi kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu likatae kuzunguka. Mwenye baiskeli alikuwa na njia mbili tu: kuibeba begani, au kutafuta ardhi iliyoinuliwa.

Ardhi hiyo iliongezeka kutokana na msiba. Kati ya 1961 na 1964 mvua kubwa, ambazo wazee wengi huziita mvua za Uhuru, zilipandisha kina cha ziwa kwa takriban mita mbili na nusu, zikazamisha vijiji, gati na mashamba. Miaka iliyofuata ilikuwa ya wahandisi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mradi wa umwagiliaji wa Ahero ulianza kulima mpunga kwa maji yaliyopampuliwa kutoka Nyando, na katikati ya miaka ya 1970 ukafuata ule wa Kano Magharibi, unaovuta maji kutoka ziwani. Kila mfereji ulihitaji ukingo wa kukagulia, na kila ukingo ukawa njia: gunia la mpunga lilifungwa kwenye keria kwa mpira uliokatwa kutoka tyubu kuukuu, likasukumwa au kuendeshwa hadi kinuni bila kukutana na lori hata moja. Ramani za miradi hiyo huonyesha mifereji, mashamba na pampu. Msongamano wa baiskeli za asubuhi hauonyeshwi popote, ingawa ndio uliofikisha sehemu ya mavuno sokoni.

Jambo hilo linaonekana wazi zaidi katika Bunyala, kwenye Kaunti ya Busia. Mto Nzoia, unaokusanya maji kutoka Mlima Elgon na vilima vya Cherangani, hufika hapo ukiwa umebeba udongo mwingi wa mashamba ya juu, na kati ya 1977 na 1984 serikali ilijenga matuta pande zote mbili za sehemu yake ya chini, kwa jumla zaidi ya kilomita 30. Tuta la aina hii, ambalo wenyeji pia huliita daiki, ni ukuta mrefu wa udongo ulioshindiliwa, mpana chini na mwembamba juu, unaokusudiwa kuuzuia mto usitoke kwenye mkondo wake. Kilele chake hakikujengewa magari, na gari likipanda huko ni shida kugeuka. Hivyo basi kikawa barabara ya waenda kwa miguu, ng'ombe na baiskeli, na wachuuzi wa samaki wakapata njia ya moja kwa moja kutoka ufukweni hadi masoko ya ndani. Palipohitajika kuvuka, baiskeli ililazwa ndani ya mtumbwi pamoja na mwenyewe na shehena yake. Daraja la Sigiri, lililotarajiwa kumaliza hatari ya uvukaji huo, liliporomoka Juni 2017 kabla ya ujenzi wake kukamilika.

Haifai, hata hivyo, kuyasifu matuta kupita kiasi. Mto uliobanwa kati ya kuta mbili hutuliza tope lake ndani ya mkondo, sakafu yake ikainuka mwaka hadi mwaka, na kuta zilizotosha mwaka 1984 zikawa fupi bila mtu kuzipunguza. Kwato za ng'ombe na magurudumu pia huchimba vifereji ambavyo maji ya mvua huvipanua, kwa hiyo njia hiyo hulika kwa sababu hiyo hiyo ya kupendwa. Tuta lilipasuka mara kadhaa, ikiwemo mwaka 2008, na katika mafuriko hayo kilele kilichokuwa barabara kiligeuka makazi, familia zikipiga mahema juu ya ukanda huo mwembamba, maji yakiwa kulia na kushoto.

Kusini kidogo, katika Kaunti ya Siaya, kinamasi cha Yala kinaonyesha upande wa hifadhi wa historia hii. Hiki ndicho kinamasi kikubwa kuliko vyote vya mafunjo nchini Kenya, takriban hekta 17,500, na sehemu yake yenye hekta zipatazo 2,300 ilikaushwa kufikia mwaka 1970, mto ukielekezwa upya na matuta yakajengwa kuzunguka eneo la kilimo. Kazi hiyo ilikata uhusiano wa kawaida wa Mto Yala na Ziwa Kanyaboli, ila tuta la kuzuia maji ya ziwa hilo dogo likawa jukwaa ambalo mtu hupita juu yake akitazama mafunjo kutoka juu. Humo wanaishi nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu, pamoja na ndege wasioishi penginepo isipokuwa kwenye mafunjo, na katika maji yake ngege, samaki aliyekaribia kutoweka katika Ziwa Viktoria baada ya sangara kuletwa miaka ya 1950, bado anapatikana. Kanyaboli lilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2010. Mgeni anayekuja na darubini kuwaona ndege hao hupita njia ile ile ya mkata mafunjo anayerudi na mzigo wa matete ulio mrefu kuliko baiskeli yenyewe.

Mijini, wakati huo huo, baiskeli ilipanda na kushuka. Biashara ya kubeba abiria kwenye keria, iliyoanza mpakani Busia katika miaka ya 1960, ilienea hadi Kisumu na kuwapa vijana wengi riziki, mpaka serikali ilipoondoa ushuru wa pikipiki ndogo mwaka 2008 na pikipiki zikaitwaa biashara hiyo pamoja na jina lake, bodaboda. Kisumu ilijaribu kurekebisha mambo kwa kujenga njia za miguu na baiskeli katikati ya mji kabla ya mkutano wa Africities wa Mei 2022, na kazi hiyo inastahili sifa, ingawa njia hizo huishia pale mji unapoishia, yaani pale ambapo safari ya mkulima wa Kano huanzia.

Nchini Uholanzi, na kando ya Mto Danube huko Ulaya, vilele vya matuta huhesabiwa kuwa sehemu ya mtandao wa njia za baiskeli, na hutunzwa hivyo. Nchini Kenya tuta ni kazi ya taasisi za maji, barabara ni kazi ya mamlaka za barabara, na njia ya juu ya tuta huangukia katikati. Serikali za kaunti za Kisumu, Siaya na Busia zinapaswa kuziingiza njia hizo katika mipango yao ya usafiri, ziweke changarawe juu na vivuko maalumu vya mifugo, kabla ya kila mradi mpya wa kuimarisha kuta za Nyando na Nzoia kuanza.