Karanga za Nachingwea na Watu wa Kusema "Bado"

Mwanafunzi wangu wa zamani, mzaliwa wa Lindi, ameajiriwa Dar es Salaam kupima ubora wa programu za kompyuta. Kazi yake ni kuitafutia programu kasoro kabla haijamfikia mtumiaji: huingiza tarehe isiyokuwapo, hukata mtandao katikati ya malipo, hubonyeza pasipostahili kubonyezwa. Alipokuja kunisalimu alilalamika: "Mwalimu, wanaoandika programu wananiona adui. Naletewa kazi jioni, asubuhi inazinduliwa. Nikisema bado, naambiwa tarehe imekwisha kutangazwa." Nilimwuliza kama wazee wa kwao wamewahi kumsimulia habari za karanga. Akacheka, akidhani nimebadili mazungumzo.

Sikuwa nimeyabadili, ndugu msomaji. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alipendekeza karanga zilimwe kwa mitambo katika Afrika Mashariki. Serikali ikatuma ujumbe wa watu watatu chini ya John Wakefield, aliyepata kuongoza idara ya kilimo ya Tanganyika. Ujumbe ulizunguka kwa majuma machache, sehemu kubwa kwa ndege, ukarudi na hesabu zilizonyooka: ekari 3,210,000 katika mashamba 107, kila moja ekari 30,000. Mashamba 80 yangekuwa Tanganyika, na kati ya hayo 55 katika Jimbo la Kusini, ambalo makao yake yalikuwa Lindi.

Kilichokosekana katika hesabu hizo ni majaribio. Walioutetea mpango walishikilia kwamba njaa ya mafuta haingoji misimu miwili mitatu ya shamba dogo la kujifunzia. Kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947, kwa kuwa palikuwa karibu na Reli ya Kati. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500. Matrekta yaliyookotezwa katika mabaki ya vita yalivunjika, na udongo ulipokauka ukawa kama saruji. Wagogo, ambao wameishi na ukame wa nchi ile vizazi kwa vizazi, wangeweza kuyasema mengi ya hayo bila kudai posho.

Nachingwea ndiyo inayonivutia zaidi. Huko ardhi na mvua vilikuwa afadhali, na mtu angeweza kudhani kwamba mpango ungenusurika. Lakini mashine zilihitaji mafuta na vipuri, vipuri vilihitaji reli, na reli ilihitaji bandari. Lindi haikuwa na gati la meli kubwa, kwa hiyo ikaamuliwa bandari ya kina kirefu ijengwe Mtwara, na wakati ikingojewa, shehena ikapitishwa Mkwaya, kwenye ghuba ya Lindi. Shamba, reli na bandari vilianzishwa kwa pupa moja, kila kimoja kikikadiriwa kana kwamba vingine vimekwisha kuwapo. Serikali ya Uingereza iliuvunja mpango Januari 1951, hasara ikiwa zaidi ya pauni milioni 36. Gati la Mtwara lilifunguliwa mwaka 1954.

Mwanafunzi wangu aliitambua hali hiyo mara moja. Katika kazi yake, sehemu mbili za programu hupimwa kila moja peke yake zikaonekana nzima, kisha zikiunganishwa mfumo unakwama. Nami nikamkumbusha roketi ya Ulaya, Ariane 5, iliyolipuka tarehe 4 Juni 1996, chini ya dakika moja baada ya kuruka. Sehemu ya programu yake ilirithiwa kutoka Ariane 4, ambako ilikuwa imefanya kazi vyema, na haikupimwa kwa mwendo wa roketi mpya.

Sidhani kwamba wahandisi wa karanga walikuwa wajinga. Wengi waliona mapema kinachotokea. Shida ni kwamba tarehe na ekari zilikuwa zimekwisha kuahidiwa bungeni London, na tangu hapo taarifa ya kasoro ilisomeka kama usaliti. Ndiyo sababu sikumshauri mwanafunzi wangu awe mkali zaidi jioni ile ya mwisho. Nilimshauri aombe kiti katika kikao cha kwanza, pale programu inapokuwa bado maneno tu, akae na waandishi wao kwa wao na kuuliza: mtandao ukikatika hapa, fedha ya mtu itakuwa wapi? Swali hilo likiulizwa mapema ni msaada. Likiulizwa usiku wa kuamkia uzinduzi ni uchokozi.

Akaniuliza ni nini kilichobaki Nachingwea. Reli iling'olewa mapema miaka ya 1960. Namba za mashamba zilidumu zaidi: Farm 17 ikaja kuwa kambi ya wapiganaji wa FRELIMO.