Rufiji: watu walihama, shamba likabaki

Kila nikisoma habari za mafuriko ya Rufiji, naona mto unaandikwa kama mwizi. Na kweli unaiba. Aprili 2024, baada ya mvua za muda mrefu, maji yalifunika nyumba na mashamba Rufiji na Kibiti. Lakini historia ya bonde hili si ya hasara tupu.

Warufiji walijua kuishi na maji. Walijenga madungu, vibanda vya juu ya nguzo, wakakaa humo shambani kulinda mpunga. Mto ukifurika kupita kiasi, mpunga ulikwenda. Ila maji yakishuka yaliacha tope lenye rutuba na unyevu, wakapanda mahindi na pamba bila kungoja mvua. Kilimo hicho wanakiita mlau. Yaani mto ulichukua, halafu ukalipa.

Yakaja mafuriko makubwa ya 1968. Serikali ikawahamisha watu kutoka bondeni, ikawapeleka kwenye vijiji vya ujamaa huko juu miinukoni. Kwa upande wa usalama, huwezi kubisha. Tatizo ni kwamba shamba halikuhama. Mkulima akabaki na safari ndefu ya kushuka bondeni, na usiku mpunga ukabaki na nguruwe pori.

Kwa hiyo leo nikisikia mtu anasema "si wahame tu!", nauliza: sawa, wahame. Watakula nini?