Lugha Iliyopigwa Marufuku

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Wakrii, wenyeji wa asili wa Kanada, hawakuiacha asili yao, walinyang'anywa.

Tangu miaka ya 1880, serikali ya Kanada ikishirikiana na makanisa iliwaweka watoto wa wenyeji katika shule za bweni. Zaidi ya watoto 150,000 walipitia humo, na wengi waliadhibiwa kwa kosa la kusema lugha ya mama zao.

Hata hivyo, Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, makamanda walihitaji lugha ambayo adui hangeweza kuifasiri. Kikrii kikawa miongoni mwa lugha zilizotafutwa. Askari wa Kanada waliokijua, akiwamo Charles Checker Tomkins wa jimbo la Alberta, walitumikia jeshi la anga la Marekani lililokuwa Uingereza. Ndege ya Mosquito waliiita "sakimes", yaani mbu. Spitfire waliiita "iskotew", yaani moto. Siri hiyo waliitunza kwa miaka mingi baada ya vita.

Vita vilikwisha, lakini shule zile ziliendelea hadi miaka ya 1990. Serikali iliomba radhi mwaka 2008, na mwaka 2019 ikatunga sheria ya kuzilinda lugha za wenyeji.

Mwaka uliofuata yakaingia maradhi ya korona. Maradhi hayo yaliwatishia zaidi wazee, nao ndio hazina ya lugha. Kuwatembelea kukawa hatari. Milango ya madarasa ikafungwa. Ndipo masomo ya Kikrii, pamoja na yale ya Chuo Kikuu cha Alberta, yalipohamia kwenye intaneti. Vijana waliokulia mijini, mbali na vijiji vya babu zao, waliketi mbele ya kompyuta wakajifunza kusema "tansi", yaani hujambo. Neno ambalo bibi aliadhibiwa kwa kulitamka, mjukuu alilitafuta mwenyewe kwa hiari yake.

Hesabu ya watu ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba wasemaji wa Kikrii walizidi 80,000. Si haba, lakini wazee hawaongezeki.

Kila askari anajua kwamba silaha isiyosafishwa wakati wa amani humsaliti mwenyewe siku ya mapambano. Lugha nayo ni vivyo hivyo. Taifa linaloidharau lugha ya raia wake hupunguza nguvu zake lenyewe.